Nyumba ya Kamba na Neno la Injinia

Asubuhi niliyoondoka Kibiti, mama mwenye nyumba aliniomba nitoe vitu vyangu nje ili mafundi wapake chokaa chumbani. Vitu vyenyewe vilikuwa begi, ndoo na godoro. Nilipoviona vimekaa uani, vimeshatoka tayari, nikaona sehemu kubwa ya kazi ya kuhama imeshafanyika. Godoro na ndoo nikamwachia yeye, nikamuaga, nikatoka na begi mpaka barabarani. Sikuwa na ugomvi na mtu. Nilikuwa nimekaa pale miezi minne nikipakia mihogo ya watu wa Mtunda kwenye malori, na nilishajifunza kila kitu ambacho kazi ile ingeweza kunifundisha, ambacho si kingi.

Barabarani sikuchagua pa kwenda. Upande mmoja ni Dar es Salaam, ambako nimeshakaa mara tatu. Upande wa pili ni Ikwiriri, daraja, na mbele zaidi Nyamwage nilikozaliwa, ambako kila mtu angeniuliza nitatulia lini. Ilisimama Kenta, lori dogo, iliyobeba mabati na kreti za soda. Dereva akauliza kama naweza kukaa juu ya mzigo niyashike mabati yasipige kelele njia nzima. Nilipanda kwanza, ndipo nikauliza tunakwenda wapi. Nyamisati, akasema, bandarini.

Shule niliiacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Nilikwenda kulinda mpunga shambani wakati wa mavuno, nikachelewa kurudi, kisha nikachelewa zaidi. Kiingereza nimekiokota neno moja moja, kwenye makopo ya rangi, kwenye karatasi zinazokuja na mashine, kwa wageni na kwa mabosi. Nina tabia moja kuhusu maneno. Nikisikia neno jipya silitumii mpaka nilisikie tena mahali pengine, kwa mtu mwingine, juu ya jambo jingine. Ndiyo maana najua maneno machache, lakini hayo machache nayajua vizuri. Nasema haya kwa sababu siku ile ile neno moja kati ya hayo lilinitia matatani.

Nyamisati tulifika maji yamekupwa. Boti zimekaa juu ya tope, abiria wamekaa juu ya mizigo yao, na wenye boti wamekaa kwenye kivuli wakisema saa nane, labda saa nane na nusu. Nilikuwa sina pa kwenda, kwa hiyo sikuwa na haraka. Nikakaa karibu na gunia la mbolea la mtu na kusoma maandishi yake, kwanza ya Kiswahili, kisha ya Kiingereza, nione kama yanasema kitu kimoja.

Kando yangu alikuwapo mwanamume wa makamo, mwembamba, mikono mikubwa, ameegemea marobota mawili ya kamba za makumbi ya nazi. Alikuwa ananitazama.

"Weye unasoma gunia," akasema. "Basi nisomee na hii."

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Aliniambia yeye ni fundi wa nyumba, mwenyeji wa Mbwera, ndani ya delta. Mradi mmoja ulikuwa umemwomba ajenge nyumba kando ya zahanati ya kijijini kwake, ya wajawazito kusubiria siku zao. Wanawake wanaotoka visiwa vya mbali hawawezi kungoja uchungu uwashike ndipo watafute boti, maana uchungu haujui kujaa wala kupwa. Yeye na vijana wake wawili waliimaliza wiki iliyopita. Kesho yake akaja injinia wa mradi, akaikagua, akapiga picha, akaondoka. Siku chache baadaye mtendaji wa kijiji akapokea ripoti kwa simu, akaichapisha, akampa fundi ukurasa mmoja na barua ya kuitwa kikaoni. Barua ilikuwa ya Kiswahili na aliielewa. Ukurasa wa ripoti ulikuwa wa Kiingereza. Alikuja Nyamisati kununua kamba na kumtafuta mpwa wake amsomee, lakini mpwa alikuwa amesafiri.

Nikausoma. Mwanzoni ulieleza jengo liko wapi, limeinuliwa juu ya nguzo kiasi gani, limeezekwa kwa kitu gani. Hayo nilimfasiria bila shida naye akawa anaitikia, sawa, sawa, kama mtu anayehakikisha amehesabiwa vizuri. Kisha ikafika sentensi iliyosema kwamba jengo zima ni flimsy, na kwamba uamuzi utatolewa kikaoni. Lile neno mtendaji alikuwa amelipigia mstari kwa kalamu.

"Hilo hapo," fundi akasema, akiligusa kwa kidole. "Mtendaji kalipigia mstari, nikamuuliza, akasema nitaelezwa mbele ya watu. Nini hilo?"

Nilikuwa nimelisikia mara mbili maishani. Mara ya kwanza Dar es Salaam, kwenye duka la samani nilikokuwa nabeba mizigo. Mteja mmoja alikaa kwenye kiti cha plastiki, mguu wa kiti ukaenda upande, akainuka kabla hakijavunjika na kumwambia mwenye duka neno hilo, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mwenye duka alinyamaza mpaka jioni. Mara ya pili ilikuwa kwenye kambi ya watalii nilikokuwa naosha vyombo. Nilichelewa siku mbili, nikasema mto ulijaa. Bosi akaniambia sababu yangu ni flimsy. Niliondoka pale nikiwaza kiti na mto vinakutana wapi.

Ilinichukua muda kupata jibu. Neno lile halisemi tu kwamba kitu ni chembamba au chepesi. Kule kambini vyandarua vilikuwa vyembamba kuliko vyote na hakuna aliyeviita hivyo, maana chandarua hakikuahidi kumbeba mtu. Kiti kiliahidi. Sababu yangu nayo iliahidi. Neno lile huambiwa kitu kilichosimama mbele yako kikasema niegemee, ukakiegemea, kikaenda upande. Ndani yake kuna dharau, na dharau hiyo hukipita kitu na kumfikia aliyekitengeneza.

Hayo yote niliyajua nikiwa nimeshika karatasi. Nikamtazama yule fundi na marobota yake mawili ya kamba mpya.

"Nyepesi," nikasema.

Akacheka kwa furaha. "Nyepesi. Umeona? Kumbe wanajua. Miye nilidhani watu wa ofisini hawajui kitu." Akakunja karatasi kwa uangalifu zaidi kuliko alivyoitoa, akanunua chai mbili, akauliza nakwenda wapi. Niliposema sijui, akasema basi twende Mbwera nikaione nyumba yenyewe, nitalala kwake, kesho nitaendelea na kutokujua kwangu.

Maji yalijaa, tukapanda boti. Ilikuwa boti ya injini, watu kama kumi na watano, magunia, mabati yale yale niliyoyashika asubuhi, na kuku. Fundi hakukaa kimya. Kabla hatujaingia kwenye mlango wa kwanza wa mikoko alikuwa ameshawaeleza wote kwamba nyumba yake imeandikwa kwa Kiingereza, na imesifiwa kuwa nyepesi. Mimi alinitambulisha kwa jina la Mwalimu.

Mbele yetu alikaa mama mmoja mnene wa kitenge cha kijani, na maboksi ya zahanati miguuni. Nikajua baadaye kwamba ni mhudumu wa zahanati ya pale pale Mbwera. Alimsikiliza fundi mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "watu hawaitwi kikaoni kusifiwa. Ukisifiwa unapigiwa simu."

"Wivu huo."

"Wivu wa nini? Ninao wajawazito wawili, mmoja ana mapacha. Wanalala kwenye benchi la wagonjwa. Nimewaambia waende kwenye nyumba yako, wamepanda ngazi, wamekanyaga mara moja, wameshuka. Wanasema inatikisika, ati na injinia kaikataa. Maneno yameshafika kabla ya hiyo karatasi yako."

"Waambie ni nyepesi. Imeandikwa."

"Nyepesi kama ahadi ya fundi," mama akasema, na boti nzima ikacheka, fundi naye. Kisha yule mama akanigeukia. Aliuliza huyu mwalimu kaokotwa wapi, na anafundisha nini. Nikasema sifundishi. Nikayatazama maji.

Kicheko kilipopita nikaanza kufanya hesabu ya jambo nililolifanya. Kikao kilikuwa kesho yake asubuhi. Fundi angeingia akiwa amenyoosha mgongo, akingoja shukrani na labda kazi nyingine. Asingekuwa na jibu lolote, kwa sababu hakujua kuna swali. Neno lingesemwa kwa Kiswahili mbele ya kijiji kizima, na angelisikia pale kwa mara ya kwanza. Nyumba ingebomolewa wakati yeye bado anatafuta la kusema. Nami nilikuwa nimemsaidia kufika huko kwa kumhurumia. Nikatoa simu, nikaliandika lile neno, nione kama kuna tafsiri nyingine itakayoniokoa. Mtandao ulikuwa unakatika kila tukizunguka kona ya mto. Mwishowe ikaja: dhaifu. Dhaifu ni mtu aliyetoka kuugua, na mtu wa hivyo unamletea uji. Haikunisaidia.

Tulifika jua bado lipo. Fundi hakunipeleka kwake kwanza, alinipeleka kwenye nyumba. Ilikuwa nyuma ya zahanati, mahali ardhi inapoanza kushuka kwenda kwenye mikoko. Nguzo za mkoko kumi na sita, sakafu ya fito imeinuliwa usawa wa kifua changu, kuta za makuti yaliyosukwa, paa la makuti, vyumba viwili na ukumbi mdogo. Haikuwa na msumari hata mmoja. Kila kiungo kilifungwa kwa kamba ya makumbi. Nilipopanda ngazi na kukanyaga, sakafu ilikwenda upande kisha ikarudi. Nikashika mlango.

"Inacheza," nikasema.

"Lazima icheze. Bado haijakazwa."

Akaniita chini, akanionyesha. Tope la pale, alisema, halikubali kuamriwa. Ukisimika nguzo leo unadhani imefika, lakini bamvua la kwanza likija, maji makubwa ya mwezi, kila nguzo inazama kwa kipimo chake. Hii kidole kimoja, ile shibiri. Ukiwa umekaza kamba mapema, nguzo inayozama inaivuta jirani yake, kiungo kinapasuka au nyumba nzima inalala upande. Kwa hiyo fundo la kwanza hufungwa legelege, kwa makusudi. Unaiacha nyumba ikae kama mtu anayejitafutia mahali kitandani. Maji yakishaondoka unapita unakaza. Bamvua la pili, unakaza tena. Baada ya hapo hata ukiifungia ng'ombe haitikisiki. Nyumba ya walimu upande wa pili wa mto ilijengwa na kontrakta wa mbali, mbao, misumari na bolti, ikasimama imara kama kabati. Bamvua la kwanza liliipasua sakafu katikati.

"Na injinia alikuja lini?"

"Siku moja baada ya kumaliza. Maji mafu hayo, maji madogo, hayafiki hata hapa. Bamvua lake la kwanza ni hili la kesho." Akagusa zile kamba alizokuwa amezitua chini. "Hizi ndizo za kukazia."

"Ulimweleza kwamba haijakazwa?"

Alinitazama kama nimemuuliza kama alimweleza injinia kwamba maji yana chumvi.

Hapo ndipo nikamwambia. "Fundi, lile neno sikukueleza lote."

"Limebaki nini?"

"Limebaki baya lake."

Nikamweleza. Nilimpa kisa cha kiti cha plastiki na kisa cha sababu yangu ya mto. Nikamwambia wenye Kiingereza chao hawalitumii neno lile kwa kitu wanachokiheshimu. Wanalitumia kwa kitu kilichojifanya kinashika. Na kikaoni watasema nyumba haifai, na nadhani watasema ibomolewe. Alisikiliza akiwa amechuchumaa, akizungusha kipande cha kamba mkononi. Muezini alianza kuadhini magharibi, fundi akamngoja amalize.

"Mbona hukusema kule?"

"Niliona aibu."

"Aibu ilikuwa yangu. Weye nani kakutuma uibebe?" Hakusema kwa hasira kubwa. "Nimewatangazia watu boti nzima."

 Aliinuka akaenda kuswali, nami nikabaki nimekaa kwenye ngazi nikifikiri kama bado nina pa kulala. Aliporudi alikuwa na swali.

"Kile kiti. Kilivunjika?"

"Hakikuvunjika. Mteja aliinuka mapema."

"Na mwenye duka akanyamaza."

"Akanyamaza."

"Mjinga. Angekaa yeye." Akachukua kamba zake. "Twende tukale."

Nililala barazani kwake kwenye mkeka. Mkewe alinipa wali na samaki bila kuuliza mimi nani, kwa hiyo nadhani alikuwa ameshaambiwa.

Kikao kilifanyika ofisi ya kijiji saa tatu asubuhi. Mtendaji alikaa mezani, wajumbe kwenye mabenchi, na madirishani walisimama wanawake, mhudumu wa zahanati akiwa mbele. Injinia alikuwa binti mdogo kuliko nilivyomtarajia, amevaa gambuti, kompyuta yake ameifunga kwa nailoni mbili. Alimwamkia fundi shikamoo kabla ya kukaa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ikawa kazi.

Alieleza ripoti yake kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu. Alipofika kwenye neno alisita. Niliona jinsi alivyotafuta. Labda alipitia nyepesi kama mimi, labda alipitia dhaifu. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kwa mtazamo wa kitaalamu jengo ni hafifu, na pendekezo lake ni kwamba lifumuliwe, na wajawazito wapelekwe Nyamisati mpaka fedha za jengo la tofali zipatikane.

Dirishani mtu alisonya. Mtendaji alimgeukia fundi kwa uso wa mtu anayengoja ugomvi, na mkono ameshauweka mezani tayari kuutuliza.

Fundi alisimama. "Injinia, neno lako ni la kweli," akasema. "Siku uliyokuja, nyumba ilikuwa hivyo."

Mtendaji akauondoa mkono.

Kisha fundi akaeleza yote aliyonieleza mimi, lakini kwa kifupi zaidi na bila kuonyesha kwa mikono. Fundo la kwanza, maji, fundo la pili. Wajumbe waliitikia kwa vichwa bila kushangaa, kama watu wanaosomewa majina yao wenyewe. Injinia peke yake ndiye aliyekuwa anaandika. Alipomaliza alimuuliza fundi kwa nini hakumwambia siku ile.

"Ningekwambiaje, na miye nilidhani unajua? Hapa hakuna asiyejua. Ukiniona napika wali, huwezi kuniuliza mbona mbichi na maji bado hayajachemka."

Watu walicheka. Injinia naye alitabasamu kidogo, lakini hakuwa mtu wa kushindwa na kicheko. Alisema hakatai, ila hawezi kuwaandikia wakubwa wake kwamba fundi kasema. Yeye aliandika alichokiona, na hawezi kuandika kingine mpaka aone kingine. Mhudumu akadakia kutoka dirishani kwamba hilo jengo la tofali likifika, hao watoto walio tumboni watakuwa wanaolewa. Mtendaji akamwambia anyamaze, lakini hakusema kwamba ni uongo.

"Maji yanajaa saa kumi," fundi akasema. "Boti yako nayo inasubiri maji hayo hayo. Basi kaa uone. Miye nitakuwa ndani."

Injinia akatikisa kichwa. Wewe umeijenga, akasema, unajua pa kukanyaga. Akiwa ndani mtu wa hapa, wakubwa wangu wataniambia ni ndugu yako.  Wajumbe wakatazamana, maana kweli pale wote walikuwa ndugu zake, au shemeji zake.

"Si huyo mwalimu?" mhudumu akasema, na kidole chake kikaja moja kwa moja kwangu. "Hana mtu hapa. Hata akizama hatuandai matanga."

Kijiji kikanigeukia. Injinia akaniuliza kama nina undugu na fundi. Nikasema nimemjua tangu jana saa sita mchana. Akaniuliza uzito wangu, nikasema nilipimwa mwisho kwenye mzani wa mihogo. Akaniuliza kama niko tayari. Kuogelea najua kidogo. Lakini niliona fundi hanitazami, anatazama mlango, kama mtu asiyetaka kuonekana anaomba. Nikasema niko tayari.

Saa tisa na nusu nilipanda ngazi na begi langu, na mawe ishirini ambayo injinia aliamuru yapandishwe, uzito kama wa watu wanne wengine. Maji yalikuja taratibu kutoka kwenye mikoko, rangi ya chai ya maziwa, yakalamba nguzo za mbele, yakaingia chini ya sakafu. Kupitia nafasi za fito niliyaona yakipita. Fundi alisimama kwenye ngazi ya zahanati na mikono nyuma. Injinia alisimama karibu naye na simu ameiinua. Kijiji kilichobaki kilikaa popote palipokuwa pakavu.

Kwanza nyumba ilianza kuongea. Kamba zilikoroma, nguzo moja ikashuka, nikahisi sakafu inainama kuelekea kona ile, kisha nguzo ya pili ikashuka na sakafu ikarudi. Iliendelea hivyo kwa muda, kidogo hapa, kidogo pale. Nilikaa katikati na mawe yangu. Niliwaza kile kiti cha Dar es Salaam. Nilikuwa nimemwona mteja akiinuka, na sikuwahi kujiuliza kiti kingefanya nini kama angeendelea kukaa.

Maji yalipofika juu kabisa likaja gogo kutoka mtoni, la mkomafi, mti wa huko mikokoni, zito, likizunguka polepole. Niliwasikia watu wakisema gogo, gogo. Lilipiga nguzo ya kona. Nyumba nzima ilikwenda upande nayo, kiasi cha mawe kuteleza na mimi kushika fito kwa mikono miwili, kisha ikarudi mahali pake na kulisukuma gogo pembeni. Likapita chini ya ukumbi, likaenda zake.

Maji yalikaa kidogo, yakaanza kuondoka. Pale ni mahali pa juu, kwa hiyo muda si mrefu nguzo zilikuwa kwenye tope tupu, ingawa mto bado ulikuwa umejaa. Fundi na vijana wake waliingia chini na kamba. Injinia naye aliingia, gambuti zikizama, akitazama kila nguzo ilivyoshuka. Moja ilikuwa imeshuka vidole vinne, jirani yake haikushuka kabisa. Aliweka mkono wake kwenye kiungo kati ya nguzo hizo mbili, kamba ikiwa bado haijakazwa, na hakuutoa haraka. Alimuuliza fundi maswali kwa sauti ya chini nami sikuyasikia yote. Walipokaza kona ya kwanza alipanda ngazi, akakanyaga, akarudia kukanyaga kwa kisigino. Bado ilitikisika kidogo. Fundi akasema kutoka chini kwamba hiyo iliyobaki ni ya bamvua la pili.

Kabla ya kupanda boti injinia alimwambia mtendaji, na wote tukasikia, kwamba hataondoa neno lake kwenye ripoti ya kwanza, maana ilishakwenda, na ilikuwa kweli ya siku ile. Ataandika ya pili. Nyumba isifumuliwe. Atakuja tena baada ya bamvua lijalo kuona kukaza kwa mwisho, na mpaka siku hiyo wajawazito wasilale humo, ila alale mtu mzima mmoja ambaye si ndugu wa fundi, aandike kila siku nini kimesogea. Ripoti hiyo ya pili sikuwahi kuiona, na sijui alitumia neno gani.

Fundi alishikana naye mikono. Kisha akaja kwangu, mikono imejaa tope. Hakunishukuru wala hakunisamehe. Aliuliza kama najua kuandika kwa Kiswahili au kwa magunia tu. Nikasema kwa Kiswahili. Akasema basi wiki mbili, mpaka bamvua la pili.

Mhudumu alinipandishia mkeka, taa ya sola, daftari na wali kwenye bakuli lenye kifuniko. Alikanyaga sakafu kwa tahadhari, akasimama katikati, akajitikisa makusudi na ule unene wake, akangoja. Kisha akaniambia chumba cha mkono wa kulia ndicho kizuri, cha kushoto kinapata moshi wa jiko la zahanati, na choo ni kile cha wagonjwa, ufunguo unaning'inia nyuma ya mlango wake. Nikaweka begi langu chumba cha mkono wa kulia.